Sura ya Saba: Amri Isiyo na Mke wala Mume

Kwa Kiebrania, kamanda akimwita askari wa kiume humwambia bo. Akimwita wa kike humwambia boi. Kitenzi chenyewe kimeshamkagua askari kabla hajafika mbele ya mkubwa wake na kupiga saluti. Kwenye uwanja wa gwaride wa Rwanda, kwa miaka mingi amri ilikuwa njoo, na aliyeitwa alikuja. Kushoto geuka ilikuwa kushoto geuka, aliyegeuka awe Jean au Jeanne.

Msomaji wa Tanga au Mombasa ana haki ya kuuliza Kiswahili kimefikaje kwenye gwaride la nchi ambayo karibu kila raia wake amenyonya Kinyarwanda. Kilikuja na bunduki. Jeshi la Waingereza, King's African Rifles, liliamrisha kwa Kiswahili. Lilipoondoka liliwaachia Waganda kambi zake pamoja na amri zake. Wapiganaji wa Yoweri Museveni wa National Resistance Army wakaendelea nazo, na vijana wa Kinyarwanda waliokulia ukimbizini Uganda wakazizoea humo, kabla hawajavuka mpaka pale Kagitumba tarehe 1 Oktoba 1990. Bunge la Kigali lilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, jeshini kilikuwa kimeshakula chumvi zaidi ya robo karne.

Hata neno la heshima, afande, lina safari yake. Ni efendi ya Kituruki, iliyopita Misri, ikateremka na askari wa Kisudani hadi Uganda, ikaingia katika vikosi vya mkoloni. Lilikuwa neno la wanaume watupu. Leo ukipita Kimihurura, yalipo makao makuu ya jeshi la Rwanda, utasikia kijana mwenye mabega mapana akimwitikia "ndiyo afande" mwanamke anayemfika kifuani, na hakuna anayegeuza shingo.

Sisemi kwamba sarufi huleta usawa. Watu wa Lamu, Wazaramo na Wanyarwanda wote wana lugha isiyotofautisha yeye wa kike na yeye wa kiume, na wote tangu zamani wamejua vizuri nani anakaa sebuleni na nani anakaa jikoni. Nimeanza na sarufi kwa sababu sura hii inahusu kitu kinachofanana nayo: amri inayotolewa kwa wote kana kwamba wote ni wamoja, na mwamini aliyesimama kwenye mstari akijua kwamba Mungu wake hamwoni hivyo. Mwanamume asikae faragha na mwanamke asiye wake. Asimguse. Pengine asisikilize hata sauti yake akiimba. Jeshi linalochanganya wanaume na wanawake linamfanya nini mtu huyo, naye analifanya nini jeshi?

Dunia ikiulizwa swali hili hutazama Israel, na mimi nitafika huko. Lakini niliuliza kwanza hapa Kigali, kwa sababu hapa jibu linaonekana rahisi mno, na jibu rahisi mno lina tabia ya kuficha kitu.

RPA, jeshi la wale waliovuka Kagitumba, walioitwa Inkotanyi, lilipouchukua mji huu tarehe 4 Julai 1994, kiti cha meya kilipewa mwanajeshi mwanamke, Rose Kabuye, aliyekaa hapo hadi 1998. Alifikia cheo cha Luteni Kanali. Alikuwa ameingia vitani kupitia jeshi la Museveni baada ya masomo yake Makerere. Mji aliokabidhiwa, uliotoka katika mauaji ya kimbari, ulikuwa na maiti barabarani, mabomba makavu, na mbwa waliokwisha kuzoea nyama ya binadamu, ambao askari walilazimika kuwapiga risasi. Kama inafaa mwanamke kuamrisha wanaume halikuwa swali la mji ule. Maswali yake yalikuwa maji, maiti na mbwa.

Ukiwauliza watu wa Kigali kwa nini jambo hili halina kelele, wengi watakupeleka kwenye katiba. Katiba ya 2003 iliagiza wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Uchaguzi wa mwaka uleule uliwapa karibu nusu ya viti vya Baraza la Wabunge, ule wa 2008 ukawapitisha nusu, na 2013 wakafika asilimia 64, kiwango ambacho dunia haikuwa imewahi kukiona. Ni maelezo mazuri kwa mgeni mwenye kamera. Kwangu hayatoshi. Katiba ilikuta wanawake wameshavaa buti kwa miaka kumi na tatu, na hakuna katiba iliyowahi kumwondolea mtu haya anayoihisi mbele ya Mola wake.

Sababu ninayoiamini ni kavu zaidi. Jeshi la Rwanda ni la kujitolea. Hakuna barua inayokuja nyumbani ikimwita binti wa shehe wa Nyamirambo au kijana wa mchungaji wa Remera aripoti kambini Gako. Asiyeweza kulala kambi moja na wasio maharimu zake haandikishwi. Hana haja ya kueleza, kushtaki wala kuandamana. Anaendelea kuuza vitenge vyake Biryogo na jeshi halimjui. Ukimya wake unahesabiwa kuwa ni kukubali, kumbe hakuulizwa.

Linganisha na mahali ambapo kila mtu huulizwa.

Israel ilizaliwa mwaka 1948 vitani, na sheria yake ya utumishi wa jeshi ya 1949 iliwaita wavulana na wasichana pia, jambo ambalo mataifa machache yamewahi kuthubutu. Papo hapo milango miwili ya pembeni ikaachwa wazi. Msichana wa familia ya dini akitangaza rasmi kwamba dhamiri yake ya dini haimruhusu, anaachwa. Wengi huenda badala yake kutumikia hospitalini au shuleni. Na Waziri Mkuu David Ben-Gurion alikubali vijana wapatao 400 wa vyuo vya Torati waendelee na vitabu vyao wakati wenzao wanakwenda mstari wa mbele. Ben-Gurion alidhani anahifadhi mabaki ya ulimwengu uliochomwa Ulaya, kama mtu anayetunza mbegu chache ndani ya kibuyu. Mbegu ziliota. Mia nne wakawa makumi ya maelfu, na tarehe 25 Juni 2024 majaji tisa wa Mahakama Kuu, bila hata mmoja kupinga, wakasema serikali haina tena msingi wa kisheria wa kuwaacha vijana hao wa Kiharedi nje ya jeshi.

Waharedi, wale wa kanzu nyeusi na kofia pana, ndio wanaopigwa picha sana. Lakini mvutano wa wanaume na wanawake kambini umewahusu zaidi watu wengine, wanaovaa vikofia vya kufuma na kulipenda jeshi kwa moyo wote. Hawa wanaona kutumikia jeshi ni ibada. Hawataki kuachwa nyumbani. Wanataka kupigana, na wanataka kambi wanayopigania isiwavunjie miiko.

Miiko hiyo si migeni kwa Mswahili. Ule unaoitwa yihud, unaokataza mwanamume na mwanamke wasio mume na mke kufungiwa mlango mmoja, ni ndugu wa khalwa inayofundishwa chuoni Pemba. Kutomgusa ajinabi, hata kwa mkono wa salamu, bibi zetu wengi wa pwani walikujua kabla hawajajua kusoma. Sasa mweke kijana aliyelelewa hivyo mbele ya mkufunzi wa shabaha ambaye ni msichana wa miaka ishirini, na katika jeshi la Israel wakufunzi wengi ni wasichana. Bega la kuruta limekaa vibaya kwenye kitako cha bunduki. Mkufunzi anyooshe mkono alirekebishe, au aeleze kwa maneno huku risasi zinakwenda kichakani?

Kwa muda mrefu maswali haya yalikuwa madogo kwa sababu wanawake walikuwa ofisini na kwenye simu za upepo. Yalikua pale milango ilipofunguliwa. Alice Miller, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa na leseni ya urubani wa kiraia, alikataliwa kufanya majaribio ya urubani wa kivita, akaenda mahakamani, akashinda mwaka 1995. Rais wa nchi, Ezer Weizman, mwenyewe rubani wa zamani, alimdhihaki akimuuliza kama amewahi kuona mwanamume akifuma soksi. Miller hakuja kuwa rubani wa jeshi, lakini walioingia nyuma yake ni wengi. Mwaka 2000 kikaanzishwa kikosi cha askari wa miguu cha wanaume na wanawake pamoja, kulinda mpaka wa Misri. Kikapewa jina la mnyama wa jangwani ambaye, inasemekana, alichaguliwa kwa kuwa dume na jike wake hawatofautishiki kwa macho. Wao humwita karakali. Sisi tunaye pia, katika mbuga za Serengeti, paka mwitu mwenye mashungi meusi masikioni: simbamangu.

Mwaka mmoja tu kabla ya Simbamangu, jeshi hilohilo lilikuwa limefungua kikosi cha Netzah Yehuda kwa ajili ya vijana wa Kiharedi, kambi ambayo mwanamke haingii, chakula chake kinakaguliwa mara mbili, na saa za kusoma zimo kwenye ratiba. Majenerali walikuwa wanajenga nyumba mbili zenye milango inayotazamana, na kila aliyeingia katika moja alimwona wa pili kuwa ni kosa. Ili waishi, ukaandikwa mwongozo wa namna ya kuchangamana: mabweni mbalimbali, askari wa dini aombe asipangiwe kikosi cha mchanganyiko, asilazimishwe kuguswa mafunzoni. Wanawake nao wakalalamika, na sioni walikosea wapi. Mkufunzi hodari anaondolewa kazini wiki ile ambayo kombania ya vijana wa dini inafika, halafu anaambiwa ni heshima tu. Heshima inayokufukuza kazini ni heshima ya ajabu.

Septemba 2011, katika chuo cha maofisa jangwani Negev, wanawake walipanda jukwaani kuimba kwenye hafla rasmi. Makuruta tisa wa uofisa wakainuka wakatoka ukumbini, kwa kuwa Torati kama walivyofundishwa haiwaruhusu kumsikiliza mwanamke akiimba. Kamanda aliwauliza kama wangetii amri ya kubaki siku nyingine. Watano walikubali. Wanne walikataa na wakaondolewa kozini. Kesi hiyo ndogo ya wimbo iligawa nchi kwa miezi, na rabi mmoja mashuhuri akasema vijana wangechagua kifo kuliko kusikiliza.

Mzanzibari hawezi kuucheka mgogoro huo. Kama sauti ya mwanamke ni sehemu ya stara yake limekuwa gumzo la barazani kwetu kwa vizazi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliimba mbele ya wanaume, akarekodiwa Bombay mwaka 1928, na waliomchukia walimtungia kashfa hadi naye akawajibu kwa nyimbo. Tofauti ni moja: hakuna aliyelazimishwa kwenda kwa Siti. Aliyeona haramu alipita njia nyingine na kwenda kulala.

Hapo ndipo nadharia yangu ya hiari na lazima inataka kupimwa, na Mungu ametuwekea kipimo karibu, Eritrea. Wapiganaji wa EPLF, chama cha ukombozi cha huko, walikuwa binamu wa Inkotanyi kwa kila hali. Walitoka porini, walikuwa wa kujitolea, na karibu theluthi yao walikuwa wanawake waliobeba bunduki, kuendesha magari na kutibu majeruhi kwenye mahandaki, Waislamu kwa Wakristo. Dunia iliwapiga picha wakiwa na nywele zao za timutimu na kaptura. Walishinda mwaka 1991. Kisha serikali yao ikafanya ambalo Kigali haikufanya: mwaka 1995 ikatangaza utumishi wa lazima wa miezi 18 kwa wavulana na wasichana, na miezi hiyo ikaja kunyooka ikawa miaka isiyo na hesabu. Kambi ya mafunzo ilikuwa Sawa, nyanda za chini karibu na Sudan, na tangu 2003 mwaka wa mwisho wa sekondari husomwa hukohuko.

Ghafla dini ikapata sauti. Jamii za Waislamu wa nyanda za chini, ambazo zilivumilia binti wa jirani kwenda porini kwa mapenzi yake, zilikataa binti zao kuchukuliwa kwa amri wakalale kambini na wanaume wasiowajua. Kwa kuwa mke na mama kwa kawaida waliachwa, wasichana wakaozwa mapema, na Wakristo wengi wakafanya vivyo hivyo. Mashahidi wa Yehova, ambao hawashiki silaha kabisa, walivuliwa uraia kwa tangazo la Oktoba 1994. Watatu kati yao waliofungwa mwezi uliotangulia walitoka gerezani Desemba 2020, vijana waliogeuka wazee, bila kufikishwa mahakamani. Pori ni lilelile na mashujaa wa kike ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa uliitwa.

(Mtanzania aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, kabla haijasitishwa 1994 au baada ya kurudishwa 2013, anaweza kusema kwamba naye aliitwa, akakimbia mchakamchaka na wasichana, na nchi haikupasuka. Kweli. Lakini ni miezi michache, na kila mtu anajua atarudi nyumbani. Miiko huvumilia muda mfupi kuliko inavyokiri.)

Nirudi Kigali, kwa kuwa Rwanda nayo ina mambo ya lazima, ila hayako jeshini. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka hufungwa na raia wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe kwa ajili ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Na usiku mitaani ilikuwapo zamu ya doria, irondo. Tazama sasa dini ilivyojitokeza palepale penye lazima. Wasabato, ambao Jumamosi yao ni ya Bwana, hawakutoka. Dola ikapiga hesabu, ikaona ni watu wengi na mitaro haijali imezibuliwa siku gani, ikawaachia Jumapili. Mashahidi wa Yehova hawakuwa na siku ya kubadilisha. Kwao doria yenye rungu ni aina ya jeshi, wakakataa, na kwa miaka mingi baada ya vita wengi wao waliwekwa mahabusu kwa sababu hiyo. Mwaka 1986, chini ya Rais Juvénal Habyarimana, walikuwa wameshafungwa kwa mamia kwa kukataa beji ya chama chake na kukataa kusalimu bendera. Mwaka 1994 walikataa tena, safari hiyo panga, wakafichana bila kuulizana kabila. Nchi inayowakumbuka kwa hilo la mwisho haikupata urahisi wa kuwavumilia kwa lile la doria.

Kuna jambo jingine lililoifanya dini ya Rwanda isiwe na ubavu wa kuliambia jeshi lake lipange vipi mabweni. Viongozi wa dini walitoka 1994 wakiwa wamepungukiwa heshima, na wengine wakiwa na damu. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani padri Athanase Seromba wa Nyange, ambaye kanisa lake liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia humo. Rufaa ya 2008 ilimwongezea kifungo kuwa cha maisha. Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo walitoka na sifa njema zaidi, kwa kuwa wengi walifungulia majirani milango, lakini walikuwa wachache na hawakuwa na desturi ya kuamrisha dola. Rabi wa Israel anapomwandikia Waziri wa Ulinzi barua ya kulalamika, anajua itasomwa. Padri wa Kigali mwaka 1995 alikuwa na barua nyingine za kujibu.

Nyange hiyohiyo inanipa neno ambalo sikulitarajia katika sura hii. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi waliotoka Kongo waliingia katika shule ya sekondari ya hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wakasema hapa tuko Wanyarwanda. Waliuawa kwa risasi na mabomu ya mkono wakiwa darasani, sita siku hiyo na wengine wakabaki na vilema. Leo wanakumbukwa kila tarehe 1 Februari katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, kitenzi kutenga hakitamkwi bila kusitasita. Kizuizi cha barabarani cha 1994 kilikuwa mashine ya kutenga, na kitambulisho kilikuwa ufunguo wake. Kijana wa kikofia cha kufuma anapoomba atengwe na wanawake, anaomba ulinzi; Mnyarwanda wa kizazi fulani akisikia askari wanatengwa kwa namna walivyozaliwa, damu inamsisimka kwanza, ndipo anauliza kwa nini. Nadhani hiyo ni sababu yenye nguvu kuliko asilimia zote za bungeni, ingawa haimo katika hotuba yoyote ya siku ya wanawake.

Hata hivyo nisimwache msomaji na fikra kwamba dini daima hutaka kutenga na jeshi daima hutaka kuchanganya. Katika ukanda wetu huu liliwahi kutokea jeshi la dini tupu lililochanganya wanaume na wanawake, na liliongozwa na mwanamke. Alice Auma, Mwacholi aliyesema anaongozwa na roho iitwayo Lakwena, alikusanya watu wake mwaka 1986 kaskazini mwa Uganda. Walipakwa mafuta ya mti wa shea, wakaenda vitani wakiimba tenzi, wamesimama wima, kwa kuwa kujificha nyuma ya kichuguu kulikatazwa. Amri zao zilikuwa ishirini: wasinywe pombe, wasivute sigara, wasile nguruwe, wasishike mtu mkono wakiwa njiani kwenda vitani, wasilale na mtu kabisa. Mojawapo iliagiza kila askari awe na korodani mbili, zisizidi wala zisipungue. Kwa wanawake wa kikosi kile sijui ilitafsiriwaje. Hawa hawakuhitaji mabweni ya kutenga. Mwiko ulikuwa ndani ya mwili wa kila mmoja, hivyo miili ingeweza kusimama popote.

Waliokuwa upande wa pili wa risasi walikuwa NRA, na ndani ya NRA walikuwamo maofisa wa Kinyarwanda ambao miaka mitatu baadaye wangeanzisha vita vyao wenyewe. NRA nayo ilikuwa na amri zake za mwili, zisizomtaja Mungu. Ubakaji adhabu yake ilikuwa kifo, na kanuni za nidhamu zilimkumbusha askari kwamba hakuna mwanamke aliyekaa akimsubiri yeye mpita njia, kila mmoja ni mke wa mtu au mtoto wa mtu. Kanuni hizo mbili, ya waganga na ya makada, zilikutana karibu na Jinja mwishoni mwa 1987. Waganga walishindwa, Alice akakimbilia Kenya, akafia kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2007. Ile ya makada iliingia Kigali mwaka 1994 ikiwa imevaa sare. Nadhani ndiyo inayoeleza ukimya wa kambi za Rwanda kuliko ukarimu wowote wa fikra: jeshi lililokwisha kuweka mwiko wake mkali halimwachii shehe wala padri nafasi kubwa ya kuongeza wa kwake.

Kenya ilipita njia nyingine, ya kutenga kwanza na kuchanganya baadaye. Tangu 1971 wanawake waliwekwa katika kikosi chao peke yao, Women's Service Corps, na kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 wakatawanywa kati ya wanaume. Fatuma Gaiti Ahmed, Mwislamu, alijiunga mwaka 1983 wakati kikosi hicho bado kiko. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa Brigedia, wa kwanza kuwa Meja Jenerali, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga zima. Mahali pa wanawake watupu palimpokea, na pengine wazazi wengi wa kaskazini na pwani wasingewaruhusu mabinti waingie kwa mlango mwingine. Wanaopiga kelele dhidi ya kila aina ya kutenga wangemfikiria yeye kidogo.

Julai 2021 Rwanda ilituma askari na polisi 1,000 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako wapiganaji waliojiita watetezi wa Uislamu walikuwa wamechoma vijiji tangu 2017 na kuushika mji wa Mocímboa da Praia kwa mwaka mzima. Mji ulikombolewa Agosti hiyo. Vita vya mwituni vilikuwa vya wanaume kwa kiasi kikubwa. Kilichofuata hakikuwa hivyo. Wenyeji walirudi kwa maelfu, kwa miguu na kwa malori, na wengi ni Waislamu wa pwani, wanaosema Kimwani, lugha ambayo ukiisikia kwa mbali utadhani ni Kiswahili kilichopitiwa na upepo. Kila anayerudi lazima apekuliwe, kwa kuwa bomu hubebwa na yeyote. Na mwanamke aliyejitanda hapapaswi na mwanamume. Humo atatokea mjane wa mpiganaji, atatokea msichana aliyetekwa na kuozwa msituni, atatokea bibi ambaye hajawahi kuguswa na asiye mume wake.

Kwa hiyo miiko ya dini ambayo Kigali haikuulizwa kambini iliikuta njiani, ikiletwa na wale ambao askari wake walikwenda kuwalinda. Ili kuwatengea wanawake hao sitara yao, kikosi kinatakiwa kiwe kimechanganywa. Jeshi la wanaume watupu, lile ambalo rabi wa Netzah Yehuda angelipenda, lingeshindwa kazi hiyo asubuhi ya kwanza.

Inawekwa turubai kando ya kizuizi. Anayesimama nyuma yake ni askari mwanamke aliyetoka kwenye kilima fulani cha Rwanda, kanisa lake lolote liwalo, na maneno yake ya kazi ni machache, yaleyale ya gwaride. Mama, njoo. Wanaume wa kikosi chake wanageukia barabara.